Nane Nane kwa Gari la Kulala: Mwongozo wa Msafara wa Sikonge hadi Ipuli

Kuna watu huenda Nane Nane wakarudi na puto, kofia ya karatasi na picha zao wenyewe wamesimama mbele ya trekta ambalo hawakuuliza hata bei. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Nawapenda, ni ndugu zangu, na ndiyo maana nawasema.

Kwa asiyejua: kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, wakulima na wafugaji wa Tabora na Kigoma hukutana kwenye viwanja vya Ipuli, mjini Tabora, kwa maonesho ya Kanda ya Magharibi. Zamani siku ya wakulima ilikuwa Saba Saba. Miaka ya 1990 ikahamia tarehe 8 Agosti, na Saba Saba ikabaki na wafanyabiashara kule Dar es Salaam. Kwetu sisi wa Sikonge tarehe hiyo imekaa pazuri. Mahindi yameshaingia ghalani, tumbaku iko sokoni, mfukoni kuna chochote, na mvua ya kupandia haijafika. Mtu akijifunza jambo Agosti, ana muda wa kulifanyia kazi kabla ya Novemba.

Wamarekani nao wana maonesho yao ya Agosti. Yale ya jimbo la Iowa, jimbo la mahindi, yalianza mwaka 1854. Watu huyaendea na magari yenye kitanda, jiko na choo humohumo ndani, wakapiga kambi karibu na viwanja na kushinda wakimtazama ng'ombe aliyetengenezwa kwa siagi. Gari la namna hiyo Sikonge hulikuti. Lakini Coaster ya kukodi ipo, turubai la kuanikia mahindi lipo, mikeka ipo na masufuria yapo. Vikipangwa na mtu mwenye akili, vitu hivi vinne ni gari la kulala. Na Wanyamwezi hawahitaji kufundishwa kusafiri na nyumba yao: wapagazi wa karne ya 19 walitembea kutoka huku hadi pwani na kurudi, mzigo begani, mkeka na chungu cha kupikia juu yake. Fuata basi hatua hizi.

1. Chagua kirangozi mmoja

Misafara ya zamani haikuongozwa na kamati. Ilikuwa na kirangozi, aliyetangulia mbele na bendera nyekundu, amevaa joho na ngozi ya mbega, manyoya kichwani, na mpiga ngoma nyuma yake. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857 baada ya siku 134 njiani kutoka pwani, aliandika kwamba mtu aliyethubutu kumpita kirangozi alichomolewa mshale kwenye podo lake, kisha akaukomboa kwa faini wakifika kambini.

Sheria hiyo irudishwe. Kila safari ya Nane Nane ina watu watano wanaojua njia ya mkato, wanne wanaojua hoteli yenye supu nzuri, na mmoja anayetaka tusimame kidogo amsalimie shemeji. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Chagueni mtu mmoja mwenye saa, mwenye sauti, na asiyekunywa pombe safarini. Akisema "twende", ni twende. Atakayebisha anyang'anywe simu mpaka kambini, alipie faini ya kreti la soda, ndipo arudishiwe.

Kuna pia yule mzee wa kiti cha mbele, anayemwelekeza dereva lini abadilishe gia, naye hata baiskeli hajawahi kuendesha. Msimvunjie heshima. Mwambieni: "Shikamoo mzee, tunakuomba kiti cha pili, utuhesabie watu kila tunaposimama." Ataifanya kazi hiyo kwa moyo wote, na hakuna mtoto atakayesahaulika stendi.

2. Gari likaguliwe kabla ya mchango

Wengi huchanga kwanza, gari wakalitafuta jioni ya mwisho, wakaishia na Coaster ambayo mlango wake umefungwa kwa kamba ya katani. Mpango huo ni mbovu. Wiki mbili kabla, kirangozi na mtu mmoja anayejua magari waende kwa mwenye gari mchana, si gizani. Waangalie tairi zote na ya akiba, jeki, breki, taa na mikanda. Waulize bima, na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kama leseni hiyo inaruhusu safari ya kukodi. Mwenye gari akianza kujibu kwa hadithi badala ya karatasi, ashukuriwe, watafute jingine.

Viti vikiwa 28, watu ni 28. Wa 29, hata akiwa binamu yake diwani, asubiri mwaka kesho. Kutoka Sikonge hadi Tabora ni kilomita 70 hivi za lami, na lami nzuri ndiyo inayowapa madereva kichaa. Penye kibao cha 50 ni 50, maana pembeni pana shule, na mbuzi wa watu hawajasoma alama za barabarani.

Wenzetu wanaotoka mbali, yaani Kitunda kwa barabara ya vumbi, au Inyonga na Mpanda kwa lami inayopita Koga na kukutana na njia ya Rungwa pale Ipole, wana somo la ziada: ndorobo. Mbung'o huyu hufuata kitu kinachotembea, na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi humvuta zaidi. Ndiyo maana mitego ya kumnasa hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kijana anayepita pori la Koga, dirisha wazi, amevaa fulana ya bluu na suruali nyeusi ili apendeze kwenye picha, amejigeuza mtego. Avae kaki, afunge dirisha, apendeze akishafika Tabora.

3. Kila mtu na mzigo wake

Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, na alijua kila kilichomo kwa sababu bega lilimkumbusha. Msafiri wa Coaster hujisahau kwa kuwa anayebeba ni keria ya juu ya gari. Wekeni mpaka: kila mtu begi moja, blanketi moja na mkeka mmoja. Blanketi si mapambo. Tabora iko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Agosti baridi yake humwamsha hata aliyelala na deni.

Chakula kipangwe kama posho ya msafara, kwa kupimwa. Unga, maharage, dagaa, chumvi, mafuta, sukari na majani ya chai viandikwe kwenye karatasi moja na vibebwe na mtu mmoja anayejulikana. Maji yawe kwenye madumu yaliyosafishwa, si yale yaliyokuwa na dizeli wiki iliyopita.

Na msisahau matobolwa. Viazi vitamu vinachemshwa, vinakatwa vipande, vinaanikwa juani hadi vinakauka na kuwa na utamu wa kutafuna polepole. Havichachi njiani, havihitaji jiko asubuhi, na kikombe cha chai kimoja na mkono wa matobolwa humfikisha mtu saa nane mchana akiwa na nguvu za kuuliza maswali. Anayeacha matobolwa nyumbani ili akanunue chipsi za bei ya maonesho amejiadhibu mara mbili, tumboni na mfukoni.

Sasa shangazi mwenye kuku. Yupo kila msafara. Anampelekea mtoto wake anayeishi Isevya au Cheyo jogoo wawili na mtetea. Zawadi ni jambo jema na shangazi asikatazwe. Kuku wakae kwenye tenga, tenga likae juu limefungwa vizuri, na kusiwe na kuku chini ya kiti cha mtu aliyevaa nguo nyeupe.

4. Muda wa kuondoka

Misafara ilianza safari alfajiri, ikafika kambini kabla jua halijawa kali. Nasi tuondoke saa kumi na mbili asubuhi. Atakayepigiwa simu akajibu "nipo njiani, nafunga mlango", ajulikane kuwa bado anaoga. Apewe dakika kumi, kisha gari liondoke. Akifika Tabora kwa basi la saa nne, atakuwa mwalimu mzuri wa wenzake mwaka unaofuata.

Siku ya kwenda nayo ina maana. Tarehe nane ni ya hotuba, mgeni rasmi na vumbi. Wataalamu siku hiyo wamevaa fulana mpya wakisubiri msafara wa wakubwa upite, nawe ukiuliza habari za viwavijeshi utajibiwa kwa haraka. Mkulima mwenye nia aende tarehe nne hadi sita. Mabanda yamekamilika, watu si wengi, na afisa ugani ana muda wa kukaa nawe kivulini akakuchorea kwenye daftari.

5. Pa kulala

Gari la kulala lisiegeshwe popote penye nafasi. Kirangozi atume mtu mapema awaulize wasimamizi wa viwanja ni wapi magari ya wageni yanaruhusiwa kulala. Kukiwa hakuna, kuna viwanja vya shule na vya kanisa au msikiti, vyote kwa kuomba na kupewa ruhusa, kamwe si kwa kuvamia. Wanawake na watoto walale ndani ya Coaster, wanaume chini ya turubai lililofungwa kutoka kwenye keria hadi kwenye nguzo mbili. Zamu za ulinzi ziandikwe kwa majina. Asiyelinda asinywe chai ya asubuhi.

Moto uwashwe mahali peupe palipofagiliwa. Agosti nyasi zimekauka, na cheche moja inatosha kuteketeza kambi nzima na jina la Sikonge pamoja nayo. Choo kiulizwe kabla ya chakula.

Wenye ndugu Tabora watasema hawana haja ya turubai. Sawa, lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kumpelekea mtu wa chumba na sebule watu tisa kwa siku nne, kwa hoja kwamba "sisi ni damu moja", ni kumwonea. Lala kambini, nenda kwa ndugu yako jioni na kilo mbili za karanga, msalimie, uondoke. Atakupenda zaidi.

6. Ndani ya uwanja

Hapa ndipo safari ilipo, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Mtu anaingia getini, anavutwa na muziki wa kampuni ya simu, anacheza, anapewa kofia, jioni imefika. Muziki huo upo Sikonge pia. Dawa ni kugawana kazi: kila mmoja apewe eneo moja, daftari na maswali matatu, na asipumzike mpaka amepata majibu.

Wa kwanza aende kwenye vipando. Hapo mazao yamepandwa yakamwagiliwa ili uyaone yakiwa hai: alizeti, mahindi, mtama, muhogo, mboga. Asipite akisema "yamependeza". Apime kwa hatua nafasi kati ya mstari na mstari, aulize mbegu inaitwaje, inakomaa kwa siku ngapi na inavumilia ukame kiasi gani. Kama kwenye kipando kuna mmea mgonjwa, huo ndio wa kusimama nao zaidi, kwa kuwa unafanana na wa shambani kwako. Watafiti wa TARI Tumbi, kituo cha utafiti wa kilimo kilicho nje kidogo ya mji wa Tabora, hufanya kazi kwenye udongo wetu huuhuu wa mchanga na mvua zetu hizihizi. Jibu lao lina uzito kuliko la mchuuzi aliyekuja na gari la matangazo.

Wa pili aende kwenye mbegu. Mfuko mzuri una lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Kwangua lebo, hakiki namba kwa simu palepale mbele ya muuzaji, kabla hujatoa pesa. Muuzaji mwaminifu atakushikia mfuko ili uone vizuri. Akikwambia "niamini tu, mzee wangu", mwambie unamwamini sana, lakini mbegu ndiyo usiyoiamini.

Wa tatu, na huyu awe mtu mwenye pua nzuri, aende kwenye asali. Tabora ni nchi ya asali na watu wa Sikonge wamezaliwa chini ya mizinga, lakini kuzaliwa chini ya mzinga hakumfanyi mtu kuwa mfugaji nyuki. Asimame mezani aone inavyomiminwa. Asali iliyokomaa hushuka kwa uzi mrefu usiokatika, ikajikunja juu ya nyingine kabla ya kutulia. Iliyotolewa kwenye masega ambayo nyuki hawajayafunga kwa nta ina maji mengi. Hukimbia chini haraka, na ikikaa huanza povu na harufu ya kuchacha. Ainuse: yenye harufu ya moshi imerinwa kwa mwenge na kuunguza nyuki. Amuulize muuzaji imetoka pori gani na imerinwa mwezi gani. Asiyejua pori lake ni dalali.

Akimaliza kuonja, aingie kwenye mizinga. Mzinga wa gome huhitaji kuchuna gome kulizunguka shina, na mti uliochunwa hivyo hufa. Tunaua mtundu ili tupate nyumba ya nyuki ambao wangekula maua ya mtundu huohuo. Mzinga wa mbao wenye viunzi haumlazimu mtu kuangusha wala kuchuna mti kila mwaka, na unarina bila kuua nyuki. Mletee fundi seremala wa kijijini vipimo vyake kwa sentimita, si kwa kuonesha mikono.

Wa nne aende kwa watu wa tumbaku aulize habari za mabani. Bani la zamani hula kuni mno, na kuni hizo hutoka kwenye misitu tunayoitegemea kwa mvua, uyoga na asali. Bani bora hukausha kwa kuni chache. Mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anayefahamu idadi ya magoli ya timu yake msimu mzima lakini hajui bani lake linameza kuni kiasi gani kwa msimu, aanze kuhesabu kuni.

Wa tano aende kwenye mifugo saa moja asubuhi, wakati ng'ombe wanakamuliwa na kulishwa. Mchana ataona ng'ombe amelala. Asubuhi ataona anapewa nini, kiasi gani, na maziwa yanajaa ndoo kufikia wapi. Hiyo ndiyo faida ya kulala kambini.

Jioni mkitosheka, nendeni Kwihara, nje ya mji, kwenye tembe walimokaa wasafiri Livingstone na Stanley mwanzoni mwa 1872. Livingstone alibaki pale miezi mitano akisubiri wapagazi watoke pwani, akaondoka tarehe 25 Agosti. Alijua hakuna safari bila watu wa kuaminika.

7. Pesa na daftari

Mali bila daftari huisha bila habari. Mweka hazina awe mtu mmoja, kirangozi awe mwingine. Kila mtu atenge bahasha mbili kabla ya kutoka nyumbani: ya mbegu na vifaa, na ya soda na zawadi za watoto. Bahasha ya kwanza haiikopeshi ya pili. Wacheza karata tatu hufuata mikusanyiko ya watu, na wanamtambua mkulima aliyeuza tumbaku kwa namna anavyogusa mfuko wake kila baada ya dakika. Hakuna aliyewahi kushinda mchezo huo isipokuwa rafiki yao aliyesimama pembeni akijifanya mteja. Pita.

8. Kurudi ndiyo safari yenyewe

Kilomita 70 ni kikao kizuri. Redio izimwe. Kuanzia Ipuli hadi Sikonge, kila mmoja asimame mbele na daftari lake aeleze alichouliza, alichojibiwa, kinagharimu kiasi gani na kinapatikana wapi. Bibi aliyekwenda kwenye mifugo amfundishe kijana wa asali, na kijana amfundishe bibi. Atakayesema "ilikuwa nzuri sana, hongereni waandaaji" arudishwe kiti cha nyuma na asichangiwe nauli mwakani.

Kisha, mvua za kwanza zikianza, kila aliyekuwa garini apande kipando chake kidogo kando ya barabara, hatua kumi kwa kumi, mahali majirani wanapopita wakienda kisimani. Aweke kibao cha jina la mbegu na tarehe. Waliobaki nyumbani kwa kukosa nauli nao wana haki ya kuona Nane Nane, na hii ndiyo njia ya kuwapelekea.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wote mnaojiandaa kuchanga. Mwaka kesho, kabla hatujakodi gari, tuvitembelee kwanza vipando vya mwaka huu. Mwenye kipando achukue bendera, awe kirangozi. Asiye nacho akae kiti cha nyuma, na puto lake.